Virusi "vilivyolala" na kinga iliyochoka: jibu kwa msomaji aliyempoteza kaka kwa saratani ya ini

Swali: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 38, ni fundi seremala, naishi Morogoro. Mwaka juzi nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Kaka yangu mkubwa alifariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka 44, na hakuwa mnywaji. Daktari aliyenipokea alisema virusi vyangu "vimelala", nisiwe na wasiwasi. Sasa kuna mtu ananiuzia dawa ya kuongeza kinga. Anasema kinga ikipata nguvu itavifukuza virusi na saratani haitanigusa. Kama kinga yangu ni nzima, maana hata mafua sipati, kwa nini imeshindwa kuvitoa virusi hivi? Na nikiiongeza nguvu, nitaepuka yaliyomkuta kaka? Majibu yangu ya mwezi uliopita ni ALT 34, AST 52, chembe sahani 148. Maabara wameandika ALT ni ya kawaida.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa msiba. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako limebeba dhana ambayo karibu kila mgonjwa wa homa ya ini huja nayo kliniki, kwamba kinga ya mwili ni kama maji ndani ya pipa: yakiwa mengi mtu ni mzima, yakipungua anaumwa, na anayetaka kupona aongeze. Kwa ugonjwa huu dhana hiyo inapotosha. Virusi vya homa ya ini B, kwa kawaida, haviziui seli za ini vyenyewe. Kinachoziua ni kinga inapojaribu kuvifikia virusi vilivyojificha ndani yake, na kinachozaa kovu, na mara nyingi saratani baada ya kovu, ni jaribio hilo kurudiwa miaka nenda miaka rudi bila kufanikiwa. Kinga yako kwa jumla ni nzima, ndiyo maana mafua hayakupati. Iliyochoka ni sehemu ndogo sana ya kinga hiyo, ile inayovitambua virusi hivi peke yake, na hakuna unga wala mizizi inayoizindua.

Tuanze na kirusi chenyewe. Maandishi yake yote ya urithi yana herufi zipatazo 3,200, ilhali ya binadamu ni zaidi ya bilioni tatu. Huingia kwenye seli ya ini kwa kupitia mlango ambao seli huutumia kuvuta chumvi za nyongo kutoka kwenye damu, mlango uliokuja kutambuliwa na watafiti wa Beijing mwaka 2012, karibu nusu karne tangu Baruch Blumberg na wenzake walipotangaza kuwa wamekuta protini ngeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Protini hiyo ndiyo leo maabara zinaipima kwa jina la HBsAg, na ndiyo iliyokukamatisha wewe siku ya kuchangia damu. Kikishaingia, kirusi hupeleka DNA yake hadi kwenye kiini cha seli na kuifunga iwe duara dogo lisilo na ncha, na duara hilo hukaa humo kama kiolezo cha kunakilia virusi vipya. Seli haipasuki. Inaendelea kutengeneza protini za damu, kusafisha sumu na kutoa nyongo, huku pembeni ikitoa virusi.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji darubini. Mtoto wa miaka minane aliyeambukizwa na mama yake siku ya kuzaliwa anaweza kuwa na virusi zaidi ya bilioni moja katika kila mililita ya damu, na bado akawa anacheza mpira mchana kutwa, ALT yake, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zinapoumia, ikiwa 18. Mtu mzima mwenye virusi vichache mara elfu kuliko huyo anaweza kuletwa macho yakiwa ya njano na tumbo limejaa maji. Kama wingi wa virusi peke yake ndio ungekuwa unaliharibu ini, mambo yangekuwa kinyume. Mwaka 2003 watafiti waliliweka wazi zaidi kwa kutumia sokwe walioambukizwa: walipoziondoa kwa muda seli za kinga ziitwazo seli T aina ya CD8, ini halikuumia, lakini virusi navyo havikuondoka, seli hizo ziliporudi, ini liliumia na virusi vikaanza kutoweka, yote mawili kwa wakati mmoja. Kupona na kuumia vinatoka mkono uleule.

Sasa, kwa nini mkono wako haukumaliza kazi? Jibu kubwa liko katika umri ulioambukizwa. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa leo, kwa mfano kwa sindano au kwa kujamiiana, uwezekano wa maambukizi kuwa ya kudumu ni chini ya asilimia 5. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, uwezekano huo ni karibu asilimia 90. Akiambukizwa kati ya mwaka mmoja na mitano ni kati ya asilimia 20 na 50. Kirusi ni kilekile. Kinachotofautiana ni kinga iliyokipokea: ya mtu mzima hukiona kama mgeni na kukishambulia kwa seli za aina nyingi kwa pamoja, ya mtoto mchanga hukikuta nyumbani wakati bado inajifunza nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji. Wewe umezaliwa miaka mingi kabla ya Tanzania kuingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto wachanga, jambo lililofanyika mwaka 2002. Ukiniambia pia kwamba kaka yako wa tumbo moja alikuwa na saratani ya ini bila kunywa pombe, ninaamini kwa kiasi kikubwa kwamba nyote wawili mliambukizwa utotoni, kwa mama au kwa watoto wenzenu wenye michubuko na vidonda. Kwa hiyo hesabu ya miaka ya ugonjwa wako haianzi mwaka juzi. Inakaribia umri wako wote.

Ini nalo lina tabia yake. Robo tatu ya damu inayoingia humo inatoka kwenye utumbo, ikiwa imebeba mabaki ya chakula na vipande vya bakteria saa zote. Kiungo kinachopokea mzigo huo hakiwezi kuwa na kinga kali inayorukia kila kipya, la sivyo kila mlo ungezusha vita. Mwaka 1969 daktari wa upasuaji Roy Calne na wenzake nchini Uingereza waliripoti kwamba nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe mwingine waliweza kuishi nalo bila dawa za kuzuia mwili kulikataa, jambo ambalo kwa figo halikuwezekana. Ini ni mpole kwa maumbile, na kirusi hiki kimejichagulia kukaa kwa mpole.

Juu ya upole huo kirusi huongeza ujanja wa wingi. Kwa kila kirusi kamili, seli zilizoambukizwa hutoa maelfu ya magamba matupu ya HBsAg ambayo hayaambukizi mtu, ila hutapakaa katika damu na kuvuta kingamwili, protini za kinga zinazonasa virusi, kuelekea kwenye vivuli. Seli T zinazovitambua virusi hivi zinakutana na protini zake asubuhi, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, bila siku ya kupumzika. Seli T imeumbwa kwa vita vya wiki chache. Ikilazimishwa kupigana kwa miongo, hupoteza uwezo wake kwa mpangilio unaojulikana: kwanza huacha kuzaliana vizuri, kisha hupunguza kemikali zake za kupigania, na juu ya uso wake huota breki. Breki iliyochunguzwa zaidi inaitwa PD-1, na iligunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo kule Kyoto. Seli za jirani zikiigusa breki hiyo, seli T hunyamaza. Nyingine hufa kabisa. Wataalamu huita hali hii kuchoka kwa seli T, na ninapenda neno hilo kwa sababu ni la kweli: seli ipo, inamjua adui, inamwona, lakini haina nguvu ya kumaliza. Ukumbuke kwamba breki hizi si kosa la mwili. Bila hizo, kinga ingeendelea kuchinja seli zilizoambukizwa hadi ini lote liishe ndani ya mwezi mmoja, na wapo wagonjwa wachache sana ambao hilo huwapata.

Hapo ndipo ninapogombana na neno "kulala". Zamani tuliwafundisha wanafunzi kwamba ugonjwa huu una hatua zilizopangwa kama vituo vya treni: kwanza kinga inavumilia, kisha inaamka na kushambulia, kisha virusi vinanyamaza, na kwa baadhi vinaamka tena. Mwaka 2017 chama cha wataalamu wa ini cha Ulaya kilibadilisha majina ya hatua hizo, na sababu moja ilikuwa kwamba hata katika ile iliyoitwa hatua ya kuvumilia, damu ya vijana ilikutwa na seli T zinazovitambua virusi, na seli zao za ini zilishaanza kubeba vipande vya DNA ya kirusi. Hakukuwa na usingizi, kulikuwa na mapigano ya chini kwa chini. Hali ya utulivu wa kweli ipo: virusi chini ya 2,000 kwa mililita kwa kipimo cha kimataifa, ALT ya chini inayobaki chini katika vipimo kadhaa vya mwaka mzima, na ini lisilo na kovu. Mtu haitwi mtulivu kwa karatasi moja ya maabara, wala kwa sababu anajisikia vizuri. Ini halina mishipa ya maumivu ndani yake, na linaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake kabla mwenyewe hajahisi chochote.

Kila mara seli T zilizochoka zinapojaribu, zinaua seli kadhaa za ini, na kemikali zinazotolewa huita seli nyingine za kinga ambazo hata hazivijui virusi, nazo huharibu bila kulenga. Ini hujitengeneza upya, na hiyo ni sifa yake njema. Lakini wewe ni seremala, utanielewa nikisema kwamba matengenezo ya haraka yakirudiwa mahali pamoja, siku moja fundi anaacha kupachika kipande kipya cha mbao na kuanza kujaza gundi na vumbi la randa. Gundi ya ini inatengenezwa na seli ndogo zinazokaa ukingoni mwa mishipa ya damu, ambazo zikisisimuliwa na mapigano hutoa nyuzi ngumu za kovu. Kovu likizunguka visiwa vya seli zilizobaki na kuzikaba, tunaita sirosisi, ini lililosinyaa. Mtu mwenye sirosisi ya homa ya ini B asiyetibiwa yumo katika hatari ya kupata saratani ya ini ya kati ya asilimia 2 na 5 kila mwaka.

Saratani hupita njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni hiyo ya matengenezo: kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake, na kila unakili una makosa, na mapigano yenyewe hutoa kemikali zinazochubua DNA. Njia ya pili ni ya kirusi mwenyewe. Vipande vya DNA yake huchomekwa katika DNA ya seli ya ini, mahali popote, lakini vikiangukia karibu na jeni fulani, hasa ile ya TERT inayoipa seli uwezo wa kugawanyika bila kikomo, seli hiyo hupata upendeleo isiostahili. Vilevile kuna protini ya kirusi iitwayo X, ambayo huvuruga usimamizi wa jeni za seli. Kwa sababu ya njia hii ya pili, homa ya ini B inaweza kuleta saratani kwa mtu ambaye ini lake halina sirosisi kabisa, tofauti na magonjwa mengi mengine ya ini. Ndiyo maana familia hushangaa: "Mbona alikuwa mzima juzi?"

Uhusiano wenyewe haubishaniwi. Kule Taiwan, R. Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707 na mwaka 1981 wakaonyesha kwamba wenye HBsAg walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasio nayo. Mwaka 2006, kutoka Taiwan hukohuko, watu zaidi ya 3,600 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 11 walionyesha jambo jingine: saratani iliwapata asilimia 1.3 ya wale ambao virusi havikuonekana katika damu mwanzoni mwa utafiti, na karibu asilimia 15 ya wale waliokuwa na nakala milioni moja au zaidi kwa mililita. Huenda utauliza, kama kinga ndiyo inayoharibu, wingi wa virusi unaingiaje? Unaingia kwa sababu washiriki wale hawakuwa watoto. Walikuwa na miaka 30 na kuendelea. Virusi vingi katika umri huo maana yake ni mapigano yaliyokwisha kuchukua miongo bila mshindi, na DNA ya kirusi kuchomekwa mara nyingi zaidi.

Kwetu kuna mchochezi wa tatu ambaye sisikii akitajwa vya kutosha katika kliniki: sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kenya ilishuhudia mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 wakiugua kwa sumu hiyo na 125 kufariki. Tanzania ilipata mlipuko wake mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara. Hiyo ni sumu ya kuua kwa siku chache. Dozi ndogo ya kila siku hufanya kazi nyingine, ya polepole: huvunja jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta sumukuvu peke yake ikiongeza hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, homa ya ini B peke yake mara 7, na vyote viwili kwa mtu mmoja karibu mara 60. Sijui kaka yako alikula nini, lakini mtu aliyekua akila ugali wa mahindi ya ghalani, huku ana virusi tangu utotoni, hahitaji pombe ili ini lake liingie hatarini.

Uvimbe ukishaota, mchezo wa breki unarudi. Saratani ya ini hujifunika protini ileile inayoigusa PD-1, na seli T zinazofika hapo hunyamazishwa kama zilivyonyamazishwa na virusi. Honjo na James Allison walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki hizi zinaweza kufunguliwa kwa dawa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 501 wenye saratani ya ini isiyoweza kukatwa: waliopewa atezolizumab, inayofungua breki hiyo, pamoja na bevacizumab, asilimia 67 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 55 ya waliopewa sorafenib, dawa iliyokuwa tegemeo kabla ya hapo. Ni hatua ya kweli, ingawa bei yake ni ya watu wachache katika nchi zetu. Nimeitaja hapa kwa sababu mtu akikwambia kuwa anauza kitu kinachoamsha kinga dhidi ya saratani, sasa unajua kitu cha aina hiyo kinavyofanana: ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayoingizwa kwa dripu hospitalini, inayolenga breki moja kwa jina, na ambayo wakati mwingine huifungua kinga kupita kiasi hadi ikashambulia mapafu, utumbo, tezi au ini lenyewe. Mgonjwa mwenye homa ya ini B hapewi dawa hiyo kabla ya kuanzishiwa dawa ya virusi.

Upande wa pili wa sarafu huwaumiza watu wengi zaidi, na ningependa wasomaji wengine wausome pia. Mtu mwenye homa ya ini B akipata saratani nyingine, iwe ya matiti au ya tezi za limfu, na akaanzishiwa tibakemikali au dawa kama rituximab inayofuta seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili), ile kinga iliyokuwa ikivizuia virusi, hata kama ilikuwa imechoka, huondolewa. Virusi hupanda kimyakimya. Kisha dozi inapomalizika na kinga kurudi, inakuta kila seli ya ini imejaa virusi, na inashambulia kote kwa pamoja. Hata mtu ambaye HBsAg yake ilishatoweka miaka mingi, lakini ana kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, anaweza kupata mlipuko huo akipewa rituximab, kwa sababu yale maduara ya DNA bado yamo kwenye viini vya seli zake. Kwa hiyo kabla ya tibakemikali, na kabla ya kutumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, ambazo huzima kinga, kila mtu apimwe HBsAg na kingamwili hiyo. Kipimo ni cha bei ndogo ukilinganisha na dripu moja ya saratani.

Turudi kwa muuzaji wako. Tuseme dawa yake ina nguvu kweli. Kinga iliyochochewa kwa jumla haijui kwamba unataka ishughulike na virusi vya ini tu, na ikichochewa ndani ya ini lenye virusi, kinachopanda kwanza ni ALT, yaani seli zinazokufa. Hata interferoni, dawa halisi ya hospitali inayochochea kinga na iliyotumika kwa homa ya ini B kwa miongo mingi, hutolewa kwa uchunguzi wa karibu na kwa wagonjwa ambao ini lao halijashindwa kazi kwa sirosisi, kwa sababu hiyo hasa. Na tuseme dawa yake haina nguvu: basi umelipia unga. Hofu yangu kubwa ni hali ya tatu, kwamba mchanganyiko usio na maandishi una mimea inayodhuru ini, au umechanganywa na steroidi ili mteja apate hamu ya kula na kuona "imefanya kazi". Nimepokea wagonjwa wa namna hiyo. Huja na chupa ya plastiki isiyo na lebo, na ALT ya mia nane.

Sasa karatasi yako. ALT 34 maabara wameiita ya kawaida kwa sababu mashine yao imewekewa kikomo cha 40 au 45. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaweka kikomo cha 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake, kwa hiyo yako imevuka. Lakini kilichonishtua zaidi ni hizo namba mbili ulizozitaja bila kuziuliza. Chukua AST yako (kimeng'enya kingine kinachovuja ini likiumia), 52, uigawe kwa kikomo cha maabara, ambacho kwa kawaida ni 40, unapata 1.3. Gawa 1.3 kwa chembe sahani zako (chembe za kugandisha damu), 148, kisha zidisha kwa 100. Unapata karibu 0.88. Hesabu hiyo inaitwa APRI, haina gharama yoyote, na katika mwongozo huo ikizidi 0.5 inaashiria kovu lenye uzito, ikizidi 1 inaashiria sirosisi. Chembe sahani hushuka kwa sababu damu inayokutana na ini gumu hurudi nyuma na kuivimbisha bandama, na bandama iliyovimba huzishika. Hesabu hii si hukumu, inaweza kukosea, na kama hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe ina mashine ya kupima ugumu wa ini, ikafanyike. Ila mtu mwenye 0.88 na kaka aliyekufa kwa saratani ya ini hapaswi kuambiwa virusi vyake vimelala.

Mwongozo huohuo unaruhusu matibabu kwa kovu la kiwango hicho peke yake, na unaruhusu pia kwa historia ya saratani ya ini katika familia peke yake, bila hata kusubiri kipimo cha wingi wa virusi pale ambapo hakipatikani. Wewe una vyote viwili. Dawa ni tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Haiamshi kinga. Inazuia kirusi kunakili DNA yake, virusi katika damu hushuka hadi kutoonekana, mapigano hupungua kwa kukosa kichocheo, na katika miaka kadhaa kovu lenyewe huanza kuyeyuka kwa wagonjwa wengi. Kwa kiasi fulani hata seli T hupata ahueni. Haigusi yale maduara ndani ya viini wala vipande vilivyokwisha kuchomekwa, ndiyo maana haikupi kupona kabisa, na ndiyo maana hatari ya saratani hupungua sana lakini haifiki sifuri. Watu wanaopoteza HBsAg ni takriban asilimia moja tu kwa mwaka. Usiiache ghafla kwa sababu umechoka au umesafiri: virusi hurudi kwa kishindo, kinga nayo inavifuata, na mtu mwenye kovu anaweza asivuke mlipuko huo.

Kabla ya kidonge cha kwanza upimwe mambo matatu: virusi vya UKIMWI, kwa sababu tenofovir ni sehemu ya dawa za UKIMWI na ikitumika peke yake kwa mwenye maambukizi hayo huzalisha usugu, utendaji wa figo, na, kama kipimo kinapatikana, homa ya ini D, kirusi kinachoishi kwa mgongo wa B na kuharakisha sirosisi. Kisha ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita, pamoja na kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini, maisha yako yote, hata namba zikiwa nzuri. Uvimbe wa sentimita mbili unaweza kukatwa au kuchomwa. Wa sentimita kumi na mbili, ambao ndio wengi wetu huupokea, kwa kawaida hauwezi. Afrika saratani hii huwapata watu wakiwa bado na umri wa kulea, kama kaka yako, kwa hiyo usikubali kuambiwa usubiri ufikishe miaka 50.

Mama yako, ndugu zako wote wa tumbo moja, mkeo na watoto wapimwe HBsAg mwezi huu. Asiye na virusi wala kinga achanjwe dozi tatu. Watoto wako waliozaliwa baada ya 2002 wamepata chanjo kuanzia wiki ya nne au ya sita, lakini hiyo haimzuii kirusi aliyepita wakati wa kuzaliwa kama mama alikuwa nacho, kwa hiyo kadi ya kliniki isikutosheleze, wapimwe. Mkeo akikutwa nacho na akapata mimba, kuna tenofovir ya kumpa kuanzia miezi ya kati ya ujauzito virusi vikiwa vingi, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kwanza. Sahani, vikombe na kukumbatiana havina neno. Wembe, mswaki na mashine ya kunyolea kila mtu awe na yake, nawe kule karakana ukijikata kwa msumeno, damu uifute mwenyewe kwa dawa ya klorini, usimwachie mwanafunzi wako wa ufundi.